Tope Nililoling'ata

Miaka ya sabini nilitoka kwetu Kilolo, milimani, kwenda kusoma Ulaya ya kaskazini, nikajikuta kwenye meli ya utafiti. Kazi yetu ilikuwa kuchora ramani ya chini ya bahari: wapi kuna mchanga, wapi kuna tope, na viumbe gani wanaishi humo. Baridi haikunitisha. Hata Kilolo asubuhi tunatoa moshi mdomoni.

Siku moja chombo cha kuchotea kilipanda na tope la kijivu. Mkuu wetu akalitazama tu, akasema lina mchanga. Nikalimega, nikaling'ata. Wakacheka wote, mmoja akaniuliza kama nina njaa. Nilikasirika kweli. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, na hakubeba udongo kabla ya kuung'ata, maana ukikwaruza meno hata kidogo, chungu kitapasuka motoni. Tope lile halikukwaruza.

"Huu ni udongo wa mfinyanzi mtupu," nikasema. "Hamna mchanga hapa."

Tulipofika bandarini wakalichuja maabarani. Mchanga haukuwemo. Safari iliyofuata, kila chombo kilipopanda, mkuu mwenyewe aliniletea kijiko.

Nilirudi Kilolo na kopo la tope lile. Mama hakuuliza habari za Ulaya. Alifungua kopo, akang'ata, akatema.

"Lina chumvi," alisema. "Lakini hao watu wana udongo mzuri. Mbona wameuficha majini?"

Kikombe alichofinyanga kwa tope lile kiko mezani kwangu mpaka leo. Hakina ufa hata mmoja.