Mama Kidole na Mstari Uliopanda

Shangazi yangu ni muuguzi wa kliniki ya wajawazito, mwaka wa ishirini na sita huu. Kalamu anaikimbiza, lakini kompyuta ilipoletwa alichapa kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa punje. Wenzake wakambandika jina: Mama Kidole. Hakununa. Alichora herufi kwenye kipande cha boksi, akawa anazigonga jikoni sufuria ikichemka.

Wajawazito wana tabia moja: daftari la kliniki likipotea, wananunua jipya, kimya. Dada yangu alikuwa na la tatu. La kwanza liliachwa kwa mama mkwe, la pili liliingia maji. Ila kila siku aliyopimwa, shangazi alidonoa namba kwenye kompyuta.

Jumatatu nilimsindikiza dada, mimba ya miezi minane. Presha ikasoma mia na thelathini na sita. Daktari kijana akafungua daftari jipya, kurasa nyeupe pe!

"Haijafika mia na arobaini. Nenda kapumzike, mama."

Dada akashika mkoba.

"Kaa," shangazi akasema, macho kwenye skrini.

"Shangazi, si nimeruhusiwa?"

"Nimesema kaa. Daktari mwanangu, hebu njoo."

"Mama Kidole, umebonyeza nini tena?" Daktari akaja anacheka.

Nami nikachungulia. Mia na mbili. Mia na kumi. Mia na ishirini na moja. Sasa hii. Kila namba peke yake ilikuwa na adabu zake; zikipangwa pamoja, mstari ulipanda kama ngazi.

"Kichwa kinakuuma?" daktari akamuuliza dada. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Kidogo tu. Tangu juzi."

Mkojo ukapimwa: protini tele, dalili ya kifafa cha mimba. Presha ikarudiwa: mia na sitini na mbili! Dada akanishika mkono, akauliza kama mtoto atapona. Watu walikuwa mbioni. Shangazi akabonyeza mara moja, taarifa zote zikatangulia hospitali kubwa. Gari la wagonjwa lilipotufikisha huko, dawa ilikuwa tayari na chumba cha upasuaji kiko wazi. Hakuna aliyeuliza daftari liko wapi.

Msichana, kilo mbili na robo, sauti kama king'ora! Dada naye mzima.

Kesho yake daktari alivuta kiti karibu na shangazi.

"Mama, nionyeshe unapobonyeza kupata ule mstari."

"Kaa hapo," akasema, kidole juu. "Na usiniharakishe."