Jagi la Hironimus

Mume wangu Hironimus hajui kukaa. Hata kanisani anahama benchi. Mwaka tisini na nne shirika alikokuwa mpishi lilibinafsishwa, wapishi wote wakapunguzwa kazi. Wiki mbili alizunguka humu ndani, hapa Mjimwema, mara afungue dirisha, mara alifunge, mpaka nikamwambia, "Baba Mariana, hebu toka nje, unanitia kizunguzungu!" Basi akatoka. Akatokea baharini.

Aliyemtafutia kazi ni Swalehe, Myao wa Nakapanya, rafiki yake tangu jeshini. Swalehe alikuwa baharia kwenye yoti, chombo cha matanga cha Kapteni mmoja Mholanzi na mkewe, wazee waliokaa Dar miaka mingi wakakijua Kiswahili chote, matusi yakiwemo. Walikuwa wanavuka kwenda Maldivi, siku ishirini na moja bila kuona nchi kavu, wakataka mpishi. Mume wangu Mngoni, hata kuogelea hajui! Nilisema, nikasema, nikachoka.

Kule, anasimulia, maisha ni zamu. Kwa saa tatu unashika usukani, kwa saa tatu nyingine unalala, ukiamka ni maji yale yale ya jana. Jiko limening'inizwa, linabembea na mawimbi ili sufuria isimwagike. Anayemwagika ni mpishi, kwa hiyo anajifunga mkanda. Vyombo vinaoshwa kwa maji ya bahari. Maji matamu yako kwenye tangi chini ya sakafu, ni ya kunywa na kupikia tu. Kapteni aliwaambia siku ya kwanza kabisa.

Lakini watu wale chakula bila kunawishwa? Mume wangu kalelewa, bwana. Kila mlo alipita na beseni, sabuni na jagi la maji ya vuguvugu, akainama mbele ya kila mmoja. Wazee wale walifurahi mno, wakidhani ni maji ya bahari yamechemshwa. Kweli alijaribu hayo ya bahari siku moja, mikono ikanata, sabuni ikagoma kutoa povu. "Nimnawishe mtu mzima kwa maji kama yale, Mama Mariana? Si tusi hilo?" Akachota tangini. Jagi moja tu, eti. Mara tatu kwa siku!

Siku ya kumi na mbili Kapteni akapima tangi kwa kijiti, akapiga kelele. Maji yaliyobaki yasingewafikisha. Akakagua kila mpira wa maji, hakuna palipovuja. Akamgeukia Swalehe.

"Wewe na udhu wako mara tano!"

"Natawadha kwa maji ya bahari, Kapteni."

"Mwongo! Tukifika unashuka, na bandari nzima nitaiambia. Hakuna chombo kitakachokuchukua tena."

Akagawa maji: kila mtu vikombe vinne kwa siku, Swalehe viwili.

Na mume wangu? Kimya! Nikikumbuka mpaka leo napandwa na hasira. Aliogopa. Siku tatu usingizi ulimkataa, akawa anatembea kutoka nyuma ya chombo hadi mbele, hatua kumi na mbili, anarudi hatua kumi na mbili. Alimpelekea Swalehe kikombe chake, Swalehe akakirudisha, midomo imempasuka. Siku ya nne, wakati wa chakula cha mchana, Hironimus akaleta jagi tupu, akaliweka miguuni pa Kapteni.

"Ni mimi. Maji ya tangi ndiyo niliyokuwa nawanawishia."

Kapteni akaitazama mikono yake mwenyewe. Kisha akamuuliza Swalehe, "Ulijua?"

"Tangu siku ya pili. Niliona povu."

"Mbona hukusema?"

"Na mimi nilinawa, Kapteni. Nilikuwa namngoja aseme mwenyewe."

Walifika wakiwa na kiu, lakini walifika wote wanne, na Swalehe hakushushwa.

Tangu arudi, maji kwangu ni kesi. Ndoo ananihesabia. Nikimnawisha anaondoa mikono kabla haijalowa: "Inatosha, inatosha!" Mwaka jana Swalehe akatutembelea. "Hodi, shemeji!" Nikashika jagi, Hironimus akaninyang'anya. Akainama, akamimina.

"Inatosha, ndugu yangu," Swalehe akasema.

Wapi! Alimimina mpaka jagi likaisha, akaninyooshea niongeze. Beseni lilikuwa limefurika, maji yanatambaa sakafuni mpaka kwenye mkeka. Maji niliyoyabeba mimi, kichwani, kutoka bondeni! Nami, pamoja na mdomo wangu huu, nikaenda kuongeza.