Herufi Zenye Kiuno

Kabla hajawa bibi wa wajukuu watano, alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, mwanamke pekee kati ya wanaume tisa. Aliokota herufi za madini ya risasi mojamoja kutoka kwenye droo za mbao, akazipanga kinyumenyume ili zikichapwa zisomeke sawasawa.

Zile alizozipenda kuliko zote zilikaa droo ya juu. Mstari mmoja ulishuka mnene kwa maringo, unaofuata ukawa mwembamba kama unywele, na chini kila herufi ilisimama juu ya vijiguu vilivyonyooka. Wenzake waliziita "zenye kiuno". Zilitolewa kwa kazi za heshima tu: kadi za harusi, vyeti, majalada ya vitabu. Tangazo la dawa ya mende lilipewa herufi nene, zilizoshiba, basi.

Siku moja fundi mpya wa mashine, bwana mmoja mrefu asiyejua haraka, alikaza mashine kupita kiasi. Kadi mia mbili zikatoka zimevimba, mistari myembamba imepondeka.

"Kaka, umeziua!" alimaka. "Hizi si karanga za kutwanga!"

"Samahani, dada. Nilidhani zikikolea ndiyo zinapendeza."

"Hazitaki nguvu. Zinataka kuguswa tu."

Akamwonyesha, kutwa nzima. Tangu hapo fundi akawa haishi maswali, hata ya mambo aliyokwisha kuyajua, na wafanyakazi wengine wakashikwa na kikohozi kila alipopita. Mwaka uliofuata kadi ya harusi yao ilipangwa na bibi harusi mwenyewe, na bwana harusi akaichapa huku amebana pumzi.

Walifanya kazi pamoja miaka ishirini na mitatu. Kompyuta zilipoingia, herufi za risasi ziliuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Mpanga herufi alisimama mlangoni akitazama droo ya juu ikimiminwa kwenye gunia. Hakutoa chozi. Alifika nyumbani akajitupa kitandani na viatu vyake, mchana kweupe, na mumewe akakaa pembeni yake.

Mume alifariki mwaka jana. Binti yao alipotengeneza kijitabu cha kumbukumbu ya baba yake, alimletea mama aone kwenye simu. Mama akavaa miwani, akashtuka.

"Mwanangu, hizi herufi zenye kiuno umezitoa wapi?"

"Zimo humuhumu, mama. Zimejaa tele."

"Kumbe hazikufa!" Akaisogeza simu karibu na macho. "Lakini umezidogosha mno. Mistari myembamba imepotea, zimebaki nguzo tupu. Kuza jina la baba yako. Maelezo yaandike kwa herufi za kawaida."

"Hivi?"

"Ongeza. Na umwachie nafasi pembeni, apumue."

Binti akafanya kama alivyoambiwa, kisha akauliza taratibu, "Mama, baba alikuwaje kazini?"

Tangu mazishi mama hakuwa amemtaja. Siku hiyo alimzungumzia mpaka chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena, na binti akaiweka simu chini, akamsikiliza.