Hedifoni nyeusi za Embu

Leo Embu nusura mtu auawe kwa sababu ya hedifoni nilizokuwa nimevaa mimi.

Mnajua narekodi nyimbo zangu za injili nyumbani, Nkubu. Hedifoni zangu za zamani zinavuja, mdundo unaingia kwenye maiki nikiimba. Nikaenda kwenye kibanda kimoja cha vifaa vya simu hapo Embu kutafuta za bei nafuu zinazoziba masikio vizuri.

Muuzaji alikuwa na wateja wengine. Nikajichukulia nyeusi mezani, nikasimama nyuma ya maspika, nikacheza wimbo wangu kwa simu na kufunga macho.

Zilikuwa tamu. Hata bodaboda za pale nje sikuzisikia.

Nilipofungua macho, kijana aliyekuwa akichagua karibu na mimi alikuwa chini, mdomo umejaa damu. Watu wanamkanyaga kichwa. Muuzaji anampiga na ubao.

Nikazivua. Ndipo kelele zikaniingia.

"Kwani amefanya nini?"

"Ameiba hedifoni nyeusi. Zilikuwa hapa saa hii tu."

Nikaziinua juu.

Wakaacha. Wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu akiangalia simu yake. Muuzaji akaweka ubao chini.

"Sasa madam, unachukua ama huchukui?"

Kijana akatema jino, akaniangalia na jicho moja lililobaki wazi.

"Nimekuita sana, sista."

Niko naye hospitali sasa hivi. Wengine wenu mliomkanyaga ni marafiki zangu humu, nimewaona. Andikeni hapa chini alikuwa ameiba nini.