Nilivyoinyang'anya shule mizani, nikamkatisha mwanangu hamu ya kusoma

Wakuu, heshima kwenu nyote, wa zamani na mliojiunga jana.

Hii siyo chai. Ningekuwa natunga ningejipa sehemu nzuri zaidi. Humu mbaya ni mimi, kwa hiyo mjue ni kweli.

Mimi ni mnunuzi wa mahindi hapa Sumbawanga, stoo yangu iko Katandala. Shule niliishia la saba, mengine nimefundishwa na soko. Mtaani wananijua kwa tabia moja: kila kitu nakihesabu mara mbili. Hata msibani nikifika nahesabu sufuria kabla sijakaa.

Nina kijana anaitwa Deo. Wakati huo alikuwa darasa la sita.

Deo hakuwa mjinga, alikuwa mtoro. Asubuhi anatoka na sare safi na begi mgongoni, saa nne unamkuta gereji anawashikia watu spana. Nilimchapa. Mama yake akasali novena. Nikamwahidi baiskeli. Spana zikashinda.

Na hakuwa peke yake. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule, kwa hiyo daftari la mahudhurio nililiona kwa macho yangu. Wavulana wa madawati ya nyuma walikuwa kumi na wanne. Siku ya kawaida wanakuja sita. Nikahesabu tena, wakabaki sita.

Suluhisho letu wanakamati lilikuwa fimbo, na barua kwa wazazi. Barua tunawapa walewale watoro wazipeleke nyumbani. Sijui nani kati yetu alidhani zitafika.

Halafu akaja mwalimu mpya wa hisabati, binti mdogo tu, mzaliwa wa Mwimbi. Nitamwita Madam Ester. Siku moja akaingia stoo kwangu.

"Shikamoo, Baba Deo."

"Marahaba, Madam. Mahindi au maharage?"

"Nataka mizani."

"Ya kununua?"

"Ya kuazima."

"Aa, hapo sasa ndipo bei inapopanda."

Nilikuwa na mizani ya zamani, ile ya kuning'iniza. Nikampa sharti: kila Jumamosi watoto waje kunifagilia uwanja. Akanitazama kama mtu anayetazama mahindi yaliyooza.

"Wanafunzi wangu hawafagii stoo za watu. Ukitaka, nitakuja kufagia mimi."

Wakuu, nimebishana bei na watu wazito mji huu, lakini pale nilishindwa bei. Nikamwachia mizani bure.

Alichofanya ni hiki. Kila Alhamisi mizani inatundikwa nyuma ya darasa, na kila mtoto anakuja na kitu cha kwao. Ulezi, maharage, mahindi. Kuna kijana wa Kisukuma, Masanja, ambaye shule alikuwa anaiona pale ng'ombe wakipita karibu nayo. Huyo akaja na kidumu cha maziwa.

Kwanza unakadiria kilo, unaandika. Kisha mnapima, mnatafuta tofauti, mnaigeuza sehemu na asilimia. Waliokadiria karibu zaidi ni nani? Walewale wa nyuma! Ndio waliozoea kubeba, mikono yao ilikuwa inajua uzito kabla ya vichwa. Anayeshinda anashika daftari la vipimo wiki nzima.

Deo alilishika wiki tatu mfululizo.

Nikaenda kuangalia mahudhurio. Kumi na wanne kati ya kumi na wanne, tena siyo Alhamisi tu, maana daftari likiwa kwako huwezi kukosa Jumatatu. Nikadhani nimekosea, nikahesabu tena.

Nyumbani ndiyo usiseme. Mtu anainua sahani: "Baba, kadiria, huu ugali gramu ngapi?" Mama yake anacheka hadi anaketi chini.

Hapo ningeshukuru Mungu nikanyamaza.

Sasa kwa wasioijua biashara hii: kuna kitu kinaitwa lumbesa. Mkulima anauza kwa gunia, na gunia linatakiwa kuwa kilo mia. Mnunuzi analijaza, anaongeza, anashindilia, anamalizia na kichwa cha juu kinachofungwa kwa kamba. Bado linaitwa gunia moja. Imekatazwa, kila mtu anajua, na mimi nilikuwa naifanya.

Madam akawapa kazi ya nyumbani: pimeni gunia moja la kwenu.

Jioni ile nilikuwa stoo na mzee mmoja aliyeshusha magunia ishirini kutoka Mwimbi, yaliyojazwa na vijana wangu kulekule shambani. Tumeshaelewana, bado kushikana mikono tu. Deo akaja na daftari lake, akawaomba wapagazi wamsaidie kupandisha gunia moja kwenye mizani kubwa. Mimi nimempa mgongo, naongea na mzee.

"Baba!" Sauti ya furaha kabisa. "Hili siyo gunia moja. Nilikadiria mia na ishirini na tano, limetoka mia na ishirini na sita! Ni gunia moja na robo, na kilo moja inabaki!"

Nikageuka.

Mzee akamsogelea taratibu. "Mjukuu wangu, hebu rudia."

Deo akarudia, na akamwonyesha hesabu. Hakujua anafanya nini, wakuu. Alikuwa anaonyesha kazi yake.

Mzee akapakia tena magunia yake yote ishirini, akafunga turubai. Akaniambia, "Asante kwa kumsomesha huyu," akaondoka. Wapagazi wakaanza kucheka, mmoja akasema, "Bosi, kijana kakukadiria na wewe."

Nikamzaba mtoto kofi. Mbele ya watu, daftari likiwa mkononi.

Sikuishia hapo. Kwenye kikao cha kamati nikasimama nikasema masomo ya sokoni hayamo kwenye mtaala, watoto wanachafuka, wanapoteza muda wa mtihani. Nilijua kupanga maneno. Wenzangu, wawili kati yao wanunuzi kama mimi, wakaunga mkono kwa haraka ya ajabu. Kesho yake nikaenda kuchukua mizani yangu.

Madam Ester hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba Deo, katika kupima yule mtoto hakukosea hata kilo moja."

Mwisho wa muhula nilifungua daftari la mahudhurio. Sita. Sikuhesabu mara ya pili.

Deo la saba hakufaulu. Nilijaribu kurekebisha, nikabeba mizani mpaka shuleni, nikaambiwa Madam alishahamishwa. Nikamwambia kijana nitamtafutia mwalimu wa ziada wa hesabu. Akanijibu bila hasira, na hicho ndicho kilichoniuma: "Hesabu nilishaipata, baba. Nikapigwa."

Leo ana miaka kumi na sita, yuko gereji moja kwa moja. Ni fundi mzuri. Lumbesa niliacha, ingawa sitajisifu, ukaguzi umekuwa mkali.

Nilichojifunza: wavulana wa nyuma hawaichukii shule. Wape kitu cha kushika, cha kwao, ambacho jibu lake lina maana nyumbani, uone kama hawatawahi namba. Ila shule ikifanya hivyo, mzazi ujiandae, maana jibu linaweza kuja na jina lako. Mwalimu alikuwa ameshaweza, mimi ndiye niliyeshindwa.

Walimu mliomo humu, semeni mnavyowashika vijana wenu, nitasoma zote.

Na wazazi, nina swali moja, nawaomba msilitanie. Kuna chuo cha ufundi wanapokea wa umri wake, na najua akili anayo. Lakini kabla ya chuo nadaiwa neno. Mwezi wa pili huu napita pale gereji, namkuta amelala chini ya gari, naona miguu tu, nasalimia naondoka.

Wewe uliyewahi kumwomba mwanao msamaha, ulianza na sentensi gani?