Kikombe Nilichokataa Kuonja

Jirani yangu wa juu simpendi, na nalisema mapema ili usije ukakaa kungoja tupatane. Hata jina lake halikuwahi kunitoka mdomoni. Nikilazimika kumtaja nilikuwa nasema "yule wa juu", na mtaa mzima ukanielewa. Nyumba yake imepanda mteremko wa mtaa wetu wa Kimisagara kiasi kwamba ukuta wake unaanzia pale paa langu linapoishia, na maji yake yote, ya mvua, ya vyombo, ya kuogea, yanashukia uani kwangu. Mimi ni fundi cherehani. Mara mbili nimekuta kitambaa cha mteja kimelowa maji ya sabuni yenye punje za wali. Nilipopanda kumweleza, alinijibu akiwa ameketi, anachambua dodo, mchicha wa huku, hata macho hakuinua.

"Maji inashuka chini, mama. Niiambie ipande?"

Yeye amekulia Bujumbura, mimi Kigoma, kwa hiyo tunagombana kwa Kiswahili. Majirani wanaokijua huwafasiria wasiokijua, na nina hakika huongeza chumvi.

Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, zamu ya kupokea mkutano wa majirani ilikuwa yangu. Tulikuwa tumezibua mtaro tangu asubuhi, matope yametufika magotini, nami nikaona hapo ndipo pa kusemea. Nikamsema. Nilisema maji, nilisema wali, nilisema na mambo mengine ambayo hayakuhusiana na mtaro. Naye akanirudishia yote na nyongeza. Mkuu wa isibo yetu, yaani kiongozi wa nyumba zetu hizi chache, ni mwalimu mstaafu asiyependa kelele. Akasimama na kusema tumewachosha, tunywe pamoja pale pale, yaishe.

Nilikuwa nimenunua dumu la pombe ya mtama kwa ajili ya wageni. Nikajaza kikombe cha kwanza, nikampelekea kwa mikono miwili, kwa kuwa Kigoma nilifundishwa kuwa mgeni hutangulia. Nilijiona nimejishusha kiasi cha kunitosha mwaka mzima.

Alikipokea. Akakitazama ndani, kisha akanitazama mimi.

"Onja kwanza, mama."

"Mimi sinywi. Watu wote wanajua sinywi." Baba yangu alikuwa mlokole, pombe haikuvuka mlango wetu, na katika mengi aliyonifundisha hilo ndilo nililolishika.

"Hata kidogo tu. Weka mdomo. Mwenye nyumba anaonja, ndiyo mgeni anakunywa."

Leo najua jambo ambalo kila mtoto wa hapa analijua, ila mimi niliyekwepa vikao vya pombe miaka yote sikuwahi kuliona. Anayekupa kinywaji hukinywa yeye kwanza mbele yako, uone kwa macho yako kwamba hakina sumu. Si tusi. Ni adabu, sawa na kumfutia mgeni kiti kabla hajakaa. Lakini siku ile nilisikia jambo moja tu, kwamba mwanamke huyu ananiita mchawi wa sumu ndani ya ua wangu, mbele ya watu niliowapikia. Nikapandwa na mori. Nikampokonya kikombe, nikakimwaga chini chote.

"Basi usinywe!"

Hakuna aliyekunywa tena. Mmoja alikumbuka ameacha sufuria jikoni, mwingine alikumbuka mgonjwa, na mkuu wa isibo akafunga mkutano bila hata kutushukuru. Dumu lilibaki limejaa. Jioni hiyo hiyo ilishasemwa kwamba nimemwaga ili pombe isije ikapimwa. Kuku wa mtu akafa wiki ile, kuku aliyekuwa akisinzia tangu Pasaka, na kifo chake kikahesabiwa kuwa changu. Akina mama waliokuwa wakituma watoto kwangu kuchukua vipande vya vitambaa wakaacha kuwatuma.

Ningevumilia. Ninao uwezo mkubwa wa kununa, ningenuna miaka kumi na nikanenepa. Ila binti yangu, aliyekuwa akiishi kwangu na mumewe, alijifungua mtoto wa kike.

Siku ya nane mtoto hupewa jina. Watoto wa jirani hualikwa, huketi mkekani, hula kutoka ungo mmoja, na kila mmoja akishashiba hutaja jina analompa mgeni. Wazazi huchagua katika hayo. Binti yangu aliitaka siku hiyo kuliko hata arusi yake. Alipokuwa mdogo yeye mwenyewe alikula katika nyungo za mtaa huu; wapo vijana hapa wanaoitwa alivyosema yeye. Wasipokuja watoto, mwanawe angeingia duniani bila kukaribishwa na mtu, na sababu ingekuwa mimi.

Nilipita mlango kwa mlango. Wote walikubali. "Tutakuja, mama." Mjini hapa mtu hakukatalii mlangoni, hukukatalia kwa kutokuja. Nikapika maharage na ndizi, nikatenga maziwa, nikatandika mkeka, nikaweka ungo unaotosha watoto kumi na wawili. Saa tisa hakuna mtu. Saa kumi hakuna mtu. Binti yangu alikuwa ameketi mlangoni na kichanga, amevaa gauni nililomshonea, anatazama njia.

"Mama," akasema, "ile pombe ulimwagia nini?"

Hakusema kwa hasira. Ningefurahi kama angenifokea. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Ndipo yule wa juu akateremka, amemshika mkono mjukuu wake, kitoto cha kike cha miaka mitano hivi. Hakusalimu. Akasimama mbele ya ungo.

"Onja."

Nikapiga magoti. Nikala maharage, nikala ndizi, nikanywa maziwa. Nikadhani nimemaliza.

"Na ile." Alikuwa akionyesha dumu jipya la pombe nililowawekea watu wazima.

Nikajimiminia, nikanywa. Mara yangu ya kwanza, na umri huu. Ilikuwa chachu, ilinipanda puani, machozi yakanitoka, naye akanitazama nikimeza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaketi, akachukua kikombe kile kile, akakimaliza.

"Sikukuja juu ya weye," akasema. "Nimekuja juu ya mutoto. Na maji itashuka tu."

Akamwambia mjukuu wake ale. Yule mtoto akala peke yake kwenye ungo wa watoto kumi na wawili, bila haraka, akajifuta mdomo kwa mkono. Mkwe wangu akamwuliza, mtoto wetu aitwe nani? Akafikiri kidogo. Kisha akataja jina la bibi yake.

"Taja lingine," nikasema.

"Mama, acha," binti yangu akanikata. "Amekula yeye, ametaja yeye." Nilimtazama mkwe wangu aniokoe, naye tayari alikuwa ameliandika.

Sasa mjukuu wangu anakimbia. Watoto wa mtaa wamerudi kuchukua vitambaa, kwa kuwa yule wa juu alikunywa kwangu na hakufa. Maji bado yanashuka, na wali ndani yake. Kila alasiri, ninapotaka kumwogesha mtoto, inanibidi nisimame katikati ya ua na kulipaza jina lile kwa sauti yangu yote. Na kila alasiri, kabla mtoto hajaitika, sauti inajibu kutoka juu ya ukuta, taratibu, kama wazee wa hapa wanavyoitika wakiitwa, wakimtakia aliyeita maisha marefu:

"Karame!"

Nami sina la kufanya ila kuita tena.