Suruali Iliyofunika Mashine ya Samaki

Kwanza mnisamehe mwandiko na makosa ya maneno, shule yangu iliishia darasa la nane na kalamu huwa naiendesha polepole. Naona haya kuandika jambo hili, maana siku ile watu wa kanisa zima waliniona nikiwa na shati na chupi tu, lakini nitasimulia hivyo hivyo.

Mimi hutunza mashine ya kupoza samaki katika stoo moja hapa Homa Bay. Nje ya ukuta ina bomba nyembamba na feni za kutoa joto. Ilinunuliwa kwa ajili ya jua letu, kwa hivyo wakati wa hizi mvua za El Nino, upepo wa ziwa ukizipiga sana zile bomba, presha ya gesi hushuka na mashine hujizima. Fundi wetu, Mzee Odira, alinifundisha kufunika nusu ya bomba kwa gunia. Nusu tu.

Jumamosi hiyo stoo ilikuwa imejaa mbuta, wale sangara wakubwa, wa wavuvi wa kisiwa cha Takawiri, akiwemo mjomba wangu, na lori la kuwapeleka kiwandani lilikuwa limekwama kwenye matope. Samaki wakilainika, kiwanda huwarudisha wote. Basi akaja Min Akinyi, yaani mama Akinyi, muuza samaki jirani yetu, mvua inamnyeshea, akasema, "Wuoda, mwanangu, nisaidie na hilo gunia nijifunike kichwa, nafika sokoni narudi." Mimi kumkatalia mama wa umri ule siwezi (hata kuku nikimfukuza naona haya), nikampa.

Kabla hajapita kona, mashine ikazima. Nikaiwasha, ikazima tena. Nikatafuta katoni, zote zimelowa zinararuka, nikavua koti, likafunika kipande kidogo tu, na kwa sababu hapakuwa na mtu nikavua na suruali, nikaifunga kwa kamba, na mashine ikanguruma vizuri hadi nikacheka peke yangu. Ndipo Wasabato wakatoka ibadani, mvua ikawazidi, wakakimbilia chini ya paa letu, akina mama, wasichana, wazee. Nikaruka nyuma ya pipa.

Mzee Odira alikuwa kati yao. Akaitazama mashine.

"Umefunika nyingi sana. Itashika joto izime tena. Teremsha hiyo suruali."

"Mzee, niteremshie wewe."

"Leo ni Sabato, sishiki kazi. Kutazama ndiyo sijakatazwa."

"Basi waambie wafumbe macho."

"Fumba wewe," akasema msichana mmoja wa kwaya, "sisi tumeshaona."

Mlio wa mashine ukaanza kuwa mzito. Nikamfikiria mjomba akirudishiwa samaki wake, nikatoka. Nilipita mbele ya kwaya yote, nikalegeza kamba, nikaishusha suruali mpaka nusu, nikafunga tena, na kicheko kilichonipiga mgongoni kilishinda mvua. Lakini mashine ilitulia. Mzee Odira akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Huyo ni fundi mwenzangu."

Min Akinyi akarudi, gunia kichwani. "Kumbe lilikuwa la kazi? Si ungesema."

Lori lilifika jioni, na kiwanda hakikurudisha hata samaki mmoja. Mjomba anasimulia Takawiri yote, na ile sehemu ya suruali haiachi. Wacha asimulie. Ila gunia simpi mtu tena, hata awe mama mkwe, na ninapobaki peke yangu huwa nafanya mazoezi ya kuiambia mashine "hapana".

Kama kuna msomaji anayetunza mashine kama hii kwenye baridi ya kweli, kama huko Limuru, tafadhali aniandikie, aniambie yeye hufunika na nini.